Uzamili wa Utawala wa Umma na Sayansi ya Jamii: Mwongozo Kamili, Kuanzia Swali Hadi Utetezi

Wengi wanaokwama kwenye uzamili wa fani hizi hawakwami darasani. Masomo wanayafaulu, mitihani wanaivuka, kisha inafika zamu ya tasnifu na mwaka mmoja unageuka mitatu. Nimekaa na wanafunzi wa namna hiyo mara nyingi, na kila ninapofuatilia chanzo nakikuta nyuma sana, kabla hata ya fomu ya maombi kujazwa. Mtu alichagua chuo kwanza, programu baadaye, na swali la utafiti akalitafuta mwishoni, muda ukiwa umeshamtupa mkono. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia upande ule mwingine: swali linatangulia, halafu msimamizi, chuo, mbinu na hata bajeti vinalifuata.

Hatua ya 1: Jua unaingia kwa mlango upi

Utawala wa umma ni ndugu wa karibu wa sosholojia, uchumi na sayansi ya siasa, ila umekulia nyumba yake. Woodrow Wilson, miaka mingi kabla hajawa rais wa Marekani, alichapisha makala mwaka 1887 akitetea kwamba uendeshaji wa shughuli za serikali ni jambo linalostahili kusomwa kama taaluma, mbali na mvutano wa vyama. Max Weber wa Ujerumani akaueleza urasimu kwa sifa zake: ngazi za mamlaka, kanuni zilizoandikwa, kumbukumbu zinazotunzwa, watumishi wanaoajiriwa kwa ujuzi. Baadaye mipaka ikaanza kuvukwa. Herbert Simon, aliyeanzia kwenye masuala ya utawala, alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978 kwa kuonyesha kwamba wafanya maamuzi hawatafuti lililo bora kuliko yote, wanachukua linalotosha. Elinor Ostrom, msomi wa siasa, akaipata tuzo hiyohiyo mwaka 2009 kwa kazi yake kuhusu jinsi watumiaji wenyewe wanavyoweza kusimamia misitu, maji na malisho ya pamoja.

Historia hii fupi ina kazi. Siku ya utetezi utaulizwa umesimama wapi, na jibu linategemea mlango ulioingilia. Chukua ofisi moja inayotoa vibali vya ujenzi, yenye foleni ndefu dirishani. Mwanafunzi wa utawala wa umma atauliza ni nani mwenye mamlaka ya kusaini, na kwa nini jalada linapita meza saba. Mwanasosholojia ataangalia nani anapita bila kupanga foleni na kwa nini waliopanga wanaliona jambo hilo la kawaida. Mchumi atapima saa zinazopotea na gharama yake. Mwanaanthropolojia ataomba kiti pembeni akae miezi sita. Foleni ni ileile, lakini tasnifu ni nne, na kila moja inahitaji walimu, mbinu na muda tofauti. Ofisi hii ya vibali tutairudia hadi mwisho.

Tofautisha pia aina za shahada. Ipo ya kitaalamu, inayolenga watu walio kazini au wanaokwenda kazini: masomo mengi, kisha mradi au ripoti fupi. Ipo ya utafiti: masomo machache, tasnifu ndefu. Ukitaka kuendelea na uzamivu, ya pili inakuandaa vizuri zaidi, na baadhi ya vyuo havitakupokea kwenye uzamivu bila tasnifu ya uzamili. Angalia uzito wa masomo kabla ya kuangalia jina la programu. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 60, hivyo programu ya krediti 120 ni miaka miwili kamili. Ukiona tasnifu imepewa krediti 30 kati ya 120, ujue unatarajiwa kuifanya kwa nusu mwaka. Kata swali lako kulingana na nguo hiyo.

Hatua ya 2: Pata swali

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Wiki tatu za kulitafuta swali zinaokoa miezi mingi mbele.

Mtu akiniambia "nataka kuchunguza utawala bora", namwambia hiyo ni mada, bado hatujafika kwenye swali. Tunaanza kuchonga. Utawala bora katika nini? Katika huduma za manispaa. Huduma ipi? Vibali vya ujenzi. Nini kuhusu vibali? Vinachelewa. Hapa wengi husimama, wakaandika kichwa cha habari kinachoanza na "Sababu za kuchelewa kwa…" na kuanza kutunga hojaji. Usisimame hapo. Vinachelewa vyote? Hapana, vingine vinatoka kwa wiki mbili. Basi kumbe jambo la kushangaza si ucheleweshaji, ni tofauti. Na swali linajitokeza lenyewe: kwa nini maombi yanayofanana, yaliyopokelewa ofisi moja ndani ya mwaka mmoja, yanachukua muda tofauti kiasi hicho?

Swali hili lina mambo ambayo mada haikuwa nayo. Lina kitu cha kupimwa, yaani siku kati ya kupokelewa na kusainiwa. Lina mahali jibu linapokaa: daftari la mapokezi, majalada, na vichwa vya watumishi. Lina mpaka wa mahali na muda. Na jibu lake silijui kabla ya kwenda. Hilo la mwisho nalipa uzito kuliko yote. Ukishajua utakachokikuta, unachokwenda kukusanya ni ushahidi wa kukuunga mkono tu.

Kuna mitego ninayoiona kila mwaka. Kichwa kinachoanza na "Nafasi ya…" au "Mchango wa…" kina jibu lake tumboni: kimeshaamua kwamba mchango upo. "Athari za kuingiliwa kisiasa katika utoaji wa huduma" kinafanya vivyo hivyo. Maswali ya "inapaswa" ni ya falsafa na sheria. Yana heshima yake, lakini hojaji haiwezi kuyajibu. Maswali ya nchi nzima yanaua wanafunzi wa uzamili kwa sababu hawana gari, hawana wasaidizi na wana miezi sita. Na maswali ya mahali palipofungwa, mfano mikataba ya siri au mafaili ya nidhamu, yaache mpaka uwe na ruhusa mkononi kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya bosi inaondoka siku bosi anapohamishwa.

Kama unafanya kazi ndani ya ofisi unayotaka kuichunguza, unayo faida kubwa: unajua jalada linalala wapi. Una hatari pia. Wenzako watakujibu kama mfanyakazi mwenzao, na wa chini yako watakujibu kama mkubwa wao. Ushauri wangu ni kuchukua ofisi ya aina ileile lakini ya mahali pengine. Ikishindikana, eleza waziwazi kwenye tasnifu cheo chako kilikuwa nini na ni nani uliyemhoji macho kwa macho huku akijua unamwandikia tathmini.

Hatua ya 3: Tafuta msimamizi, kisha chuo

Ukishakuwa na swali, hata likiwa bado lina makapi, unaweza kutafuta mtu wa kukuongoza. Ingia kwenye hifadhi za mtandaoni za tasnifu za vyuo unavyovifikiria. Tafuta zilizokamilika ndani ya miaka mitano iliyopita zinazokaribiana na swali lako, kisha fungua ukurasa wa shukrani. Humo wanafunzi hutaja wasimamizi wao. Jina likijirudia kwenye kazi nzuri, umepata mtu wa kumfuatilia. Soma makala zake mbili za karibuni. Mtu aliyeandika kuhusu bajeti miaka 20 iliyopita na sasa anaandika kuhusu uhamiaji hatakusaidia sana kwenye bajeti.

Kisha mwandikie. Barua pepe ya kwanza iwe fupi kiasi cha kusomwa kwenye simu:

"Shikamoo Profesa. Ninaandaa maombi ya uzamili wa utawala wa umma kwa mwaka ujao. Swali langu ni kwa nini maombi ya vibali yanayofanana, katika ofisi moja, huchukua muda tofauti. Nimesoma makala yako kuhusu watumishi wa dirishani, na nadhani hoja yako kuhusu mzigo wa kazi inaweza kueleza sehemu ya tofauti hiyo. Ofisi ninayoilenga imekubali kimsingi kunionyesha daftari la mapokezi. Je, unapokea wanafunzi mwakani, na swali kama hili linaingia kwenye eneo lako? Nimeambatisha ukurasa mmoja wa maelezo."

Ona barua hii inafanya nini. Inataja swali, inaonyesha umeisoma kazi yake kweli, inaonyesha data inaweza kupatikana, na inauliza mambo mawili tu ambayo yanajibika kwa mistari miwili. Usipojibiwa, subiri wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha nenda kwa mwingine.

Kabla hujajifunga, ongea na wanafunzi wake wa sasa. Waulize anachukua muda gani kurudisha sura, anaandika maoni ya namna gani, na wangapi wamemaliza kwa wakati. Profesa mwenye jina kubwa asiyepatikana ni mzigo. Mhadhiri kijana anayekurudishia sura ndani ya siku kumi, imejaa maoni, ni baraka, na ningekushauri umchague huyo bila kusita.

Kuhusu chuo chenyewe, hakikisha kimesajiliwa na mamlaka inayosimamia elimu ya juu katika nchi kilipo, na kwamba programu yenyewe ina ithibati. Chuo kutambuliwa hakufanyi kila programu yake itambuliwe. Kama utafanya kazi nchi nyingine, uliza mapema shahada hiyo inalinganishwaje huko.

Hatua ya 4: Maombi na pesa

Nyaraka ni zilezile karibu kila mahali: cheti na matokeo ya shahada ya kwanza, wasifu, barua ya maelezo binafsi, barua mbili au tatu za wadhamini, ushahidi wa lugha kama vile IELTS au TOEFL pale panapohitajika, na mara nyingi muhtasari wa utafiti. Matokeo rasmi yaombe mapema. Ofisi za kumbukumbu za vyuo hazikimbii. Wadhamini wape wiki nne, na uwape pia wasifu wako, muhtasari wako na orodha ya mambo uliyofanya chini yao. Mdhamini mwenye maelezo anaandika barua yenye mfano. Asiyekuwa nayo anaandika kwamba wewe ni mchapakazi.

Barua ya maelezo binafsi isianze utotoni. Anza na tukio la kazini au la masomoni lililokufanya uulize swali lako, eleza ulichojaribu kulielewa, kisha eleza kwa nini programu hii na watu hawa.

Kwenye pesa, andika gharama zote kwenye karatasi moja: ada, usajili, bima, makazi, vitabu, na mstari unaosahaulika sana, gharama za uwandani. Nauli, vibali vya utafiti, uchapaji wa hojaji, malipo ya wasaidizi, kunakili sauti kwenda maandishi. Ufadhili wa ada pekee umewaacha watu wengi wakiwa na pendekezo lililopitishwa na hawana nauli ya kwenda kukusanya data. Tarehe za mwisho za ufadhili mara nyingi hutangulia zile za udahili, wakati mwingine kwa miezi kadhaa, basi panga kalenda yako kuanzia za ufadhili.

Hatua ya 5: Tumia masomo kulihudumia swali

Kila somo lina insha au kazi ya mwisho. Ielekeze kwenye swali lako kadiri mwalimu atakavyoruhusu. Kwenye somo la nadharia za uongozi andika kuhusu uhuru wa maamuzi wa watumishi wa chini. Kwenye fedha za umma andika ada za vibali zinavyoingia kwenye bajeti. Kwenye takwimu tumia takwimu za muda wa kusubiri. Mwaka ukiisha unakuta nusu ya mapitio ya kazi tangulizi iko mkononi.

Takwimu usizikimbie, hata kama utafiti wako ni wa mahojiano. Utasoma makala za watu waliotumia regresheni, yaani hesabu ya kupima jambo moja linavyobadilika pamoja na mengine, na huna budi kujua wanadai nini. R, programu ya kompyuta ya takwimu, ni ya bure. SPSS na Stata zinalipiwa, ila vyuo vingi vina leseni. Kwa marejeleo, anza na Zotero siku ya kwanza. Ni ya bure, na itakuepusha na kazi ya kutafuta mwaka wa kuchapishwa wa makala mia moja na ishirini usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Ukisoma makala, jibu kwa maneno yako mambo manne: inauliza nini, imetumia data gani, imepata nini, na inanisaidia wapi au inanipinga wapi. Nusu ukurasa inatosha. Usinakili aya nzima kwenye daftari lako bila alama za kunukuu. Miezi minane baadaye utaiona na kudhani ni yako, na wizi mwingi wa kitaaluma unaanzia hapo.

Hatua ya 6: Pendekezo la utafiti

Pendekezo lina sehemu zinazojulikana: usuli, tatizo, maswali, mapitio, kiunzi cha nadharia, mbinu, maadili, ratiba, bajeti. Nyingi zinaandikika. Inayowatesa watu ni nadharia, kwa sababu wanaitafuta kama pambo la kuweka kwenye sura ya pili. Nadharia ina kazi moja: kukuambia uangalie wapi.

Rudi kwenye ofisi ya vibali. Mwaka 1980 Michael Lipsky, msomi wa siasa wa Marekani, alieleza kwamba watumishi wanaokutana na wananchi moja kwa moja huwa na kazi nyingi kuliko muda walio nao, hivyo hujitengenezea njia za mkato: nani ahudumiwe kwanza, nani arudishwe kesho. Njia hizo za mkato ndizo zinazogeuka kuwa sera halisi ambayo mwananchi anaiona. Ukimfuata Lipsky, tofauti ya muda itakuwa imezaliwa dirishani, na utahitaji kukaa pale na kuwahoji watumishi.

Miaka saba kabla yake, Jeffrey Pressman na Aaron Wildavsky walichunguza mradi wa ajira katika jiji la Oakland, Marekani, wakaonyesha kwamba mipango hufia kwenye wingi wa sehemu za maamuzi, hata pale ambapo kila mhusika anaukubali mpango. Piga hesabu: kama jalada linapita meza saba, na kila meza ina uwezekano wa asilimia 90 wa kulipitisha kwa wakati, zidisha 0.9 saba kwa zenyewe, yaani 0.9 × 0.9 hadi zitimie saba. Unapata kama asilimia 48. Hakuna mzembe hata mmoja, lakini zaidi ya nusu ya majalada yatachelewa. Ukiwafuata hawa, hutakwenda dirishani kwanza. Utafungua majalada uhesabu mihuri.

Hapo una nadharia mbili zinazotabiri mambo tofauti kuhusu ofisi moja. Kama tofauti inatokana na njia za mkato, maombi yaliyopita idadi sawa ya meza bado yatatofautiana sana kulingana na nani aliyeyapokea. Kama inatokana na wingi wa meza, yaliyopita meza chache yatatoka mapema bila kujali yalipokelewa na nani. Data yako inaweza kusema lipi lina nguvu zaidi. Sura ya pili ikiandikwa hivi, ya tatu, ile ya mbinu, inajiandika.

Sampuli, yaani wachache unaowachagua kuwakilisha wote, ni jambo la pili linaloleta homa. Kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli inatumika sana: unachukua idadi ya watu wote, unaigawa kwa moja ukijumlisha na idadi hiyo mara mraba wa kiwango cha kosa. Watumishi 400, kosa la asilimia 5: mraba wa 0.05 ni 0.0025, mara 400 ni 1, jumlisha 1 unapata 2, na 400 gawa kwa 2 ni 200. Sasa fanya kwa watu 4,000: unapata 364. Watu wameongezeka mara kumi, sampuli haijafika hata maradufu. Lakini kanuni hii inadai uchaguzi wa nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Mwanafunzi anayeandika Yamane kwenye pendekezo kisha anagawa hojaji kwa yeyote atakayemkuta mlangoni amevunja sharti lake, na mtahini mzuri ataliona hilo mara moja.

Kwa mahojiano, hesabu hiyo haihusiki. Unaendelea mpaka wahojiwa wapya wanarudia mambo uliyokwisha kuyasikia. Greg Guest na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 wenye mahojiano 60, walikuta kwamba mahojiano 12 ya mwanzo yalitosha kufika hapo. Kundi lao lilikuwa la watu wanaofanana, na maswali yalikuwa mamoja kwa wote. Ukiwahoji mameneja, makarani na wananchi kwa pamoja, una makundi matatu, panga kwa kila moja.

Maadili ya utafiti yana historia chungu. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende waliangaliwa bila kutibiwa wala kuelezwa ukweli, na kufichuka kwake kulichangia kanuni tunazozifuata leo: heshima kwa mtu, kutenda mema, haki. Kwenye utafiti wa ofisi, madhara yanakuja kwa mlango mdogo. Ukiandika "mhasibu mwanamke mwenye uzoefu wa miaka 20", na ofisi ina mhasibu mwanamke mmoja, umemtaja kwa jina. Andika "mtumishi wa fedha" uishie hapo. Maombi ya kibali yapeleke mapema, na usikusanye hata hojaji moja kabla hakijatoka. Data iliyokusanywa bila kibali inaweza kukataliwa yote.

Hatua ya 7: Uwandani

Jaribu zana zako kwa watu kumi ambao hawamo kwenye sampuli. Kaa nao wanapojaza, na uangalie kalamu inasita wapi.

Swali "Je, unaridhika na kasi na uadilifu wa watumishi?" ni maswali mawili ndani ya moja. Mwenye kuridhika na kasi na kutilia shaka uadilifu atajibu nini? Likate. Swali "Je, umewahi kutoa rushwa?" litakupa "hapana" nyingi na wasiwasi mwingi. Uliza: "Mara ya mwisho ulipofuatilia kibali, ulitumia kiasi gani kwa jumla? Risiti ulizopewa ni za kiasi gani?" Humwiti mtu mkosaji, na tofauti ya namba mbili inazungumza. Taarifa za namna hiyo zihifadhi bila majina kabisa, maana zinaweza kumdhuru aliyekuamini.

Kwenye mahojiano, usianze na dhana zako. Karani ukimuuliza "unatumiaje uhuru wako wa maamuzi?" atakujibu kwa lugha ya semina. Mwambie: "Nisimulie siku ya jana, tangu ulipofungua dirisha." Atasimulia, na humo ndani atataja bahasha alizoziweka pembeni, nani alimpigia simu, jalada gani alilifunika na kwa nini. Kazi yako ni kunyamaza na kuuliza "ikawaje?"

Andika madokezo jioni ileile, kabla ya kulala. Saa moja ya sauti inachukua kati ya saa nne na sita kuiandika, hivyo mahojiano 25 ni zaidi ya wiki mbili na nusu za kazi ya kutwa. Weka muda huo kwenye ratiba. Na hifadhi data sehemu tatu tofauti, moja ikiwa mbali na nyumbani kwako.

Hatua ya 8: Uchambuzi

Kabla ya vipimo vyovyote vikubwa, itazame data yako kwa macho. Muda wa kusubiri una tabia ya kuwa na mkia mrefu. Maombi matano yaliyochukua siku 10, 12, 14, 15 na 199 yana wastani wa siku 50, muda ambao hakuna mwombaji hata mmoja aliyeukaribia. Mediani, yaani namba iliyo katikati ukizipanga kwa ukubwa, ni 14, na hiyo ndiyo inayosema kweli kuhusu mwombaji wa kawaida. Lile jalada la siku 199 usilifute. Lifungue, lisome ukurasa kwa ukurasa. Huenda lina sura nzima ya tasnifu ndani yake.

Kwa mahojiano, soma yote mara mbili kabla ya kuanza kuweka alama. Alama za mwanzo zikae karibu na maneno ya wasemaji, kama "kuweka pembeni" au "simu ya mkubwa", kisha uzikusanye kuwa dhamira. Dhamira zikitoka zote kwenye nadharia yako na hakuna hata moja iliyokushtua, rudi usome tena.

Hatua ya 9: Kuandika na kufanya kazi na msimamizi

Anza na sura ya mbinu ukiwa bado uwandani, fuatisha matokeo, kisha mjadala, rudi kwenye mapitio, na utangulizi uandike mwisho. Wanaoanza na ukurasa wa kwanza huandika utangulizi wa tasnifu ambayo baadaye hawakuifanya.

Ukipeleka sura kwa msimamizi, usiandike "naomba maoni". Andika: "Nina wasiwasi na sehemu mbili: kama jedwali la ukurasa wa 41 linathibitisha hoja ya meza saba, na kama nimemtendea haki Lipsky." Atasoma kwa makini zaidi, na baada ya kikao mtumie muhtasari wa mlichokubaliana. Msimamizi akibadilishwa, muhtasari huo ndio utakaokulinda.

Kuhusu programu za akili bandia, fuata kanuni za chuo chako na ueleze ulivyozitumia. Zimejulikana kubuni marejeleo yasiyokuwepo, kwa hiyo kila chanzo unachokitaja uwe umekifungua mwenyewe. Data za wahojiwa wako usiziweke humo bila ridhaa yao.

Hatua ya 10: Utetezi

Kwa kawaida utapewa kati ya dakika 15 na 20. Usisimulie sura moja baada ya nyingine, watahini wameisoma. Tumia dakika mbili kwa swali, tatu kwa ulivyotafuta jibu, nyingi kwa ulichokipata, na zilizobaki kwa mipaka ya kazi yako. Fanya mazoezi mbele ya mtu asiye wa fani yako. Akiweza kukuambia umegundua nini, uko tayari.

Maswali mengi yanatabirika. Kwa nini nadharia hii na si nyingine? Kwa nini ofisi hii? Matokeo yako yanavuka mpaka wake? Ungeanza upya leo ungebadilisha nini? Hili la mwisho lijibu kwa uaminifu na kwa jambo mahususi: "Ningeomba majalada ya miaka miwili, kwa sababu mwaka mmoja haukunionyesha msimu wa bajeti." Usilolijua, sema hukuliangalia. Watahini wanawaheshimu wanaojua utafiti wao unaishia wapi.

Karibu kila mtu hurudishiwa masahihisho. Tengeneza jedwali la safu tatu: maoni ya mtahini, ulichofanya, ukurasa. Pale ambapo hukubaliani naye, andika sababu kwa adabu kwenye safu ya pili badala ya kuyapuuza maoni yake. Ikabidhi tasnifu pamoja na jedwali hilo, kisha andaa kurasa mbili kwa lugha ya kawaida, bila jina la mhojiwa yeyote, uzipeleke kwenye ile ofisi ya vibali. Walikufungulia daftari lao la mapokezi, na hakuna mwingine aliyewahi kuwahesabia mihuri.